Bosi Anaogopa Bodaboda

Susu ndiye alimpa Bosi jina hilo, na wakati huo lilimfaa. Kule Kathonzweni, Makueni, alikuwa bosi kweli. Alikuwa na boma la kulinda, mbuzi kumi na mmoja wa kusimamia, mwembe wa kulala chini yake, na njia moja ya vumbi ambayo kila aliyeipita alijulikana kwa mwendo na kwa harufu. Mgeni akikaribia, Bosi alibweka mara tatu, susu akatoka, Bosi akanyamaza. Kila mtu alijua kazi yake.

Halafu nyonga ya susu ikakataa. Mama akaamua ahamie kwetu Kitui mjini, karibu na hospitali. Mbuzi waliuzwa, kuku wakagawiwa majirani. Mbwa wa kienyeji wa miaka mitatu hana soko. Jirani mmoja alisema tumwache tu hapo, atajitafutia. Susu alijibu mara moja, kwa sauti ya mtu ambaye hafungui mjadala: "Hiyo ngiti mkiiacha, na mimi mniache." Basi Bosi akapanda Probox pamoja na magodoro na sufuria, wakapitia Makindu na Kibwezi, wakavuka Mto Athi ambao ndio mpaka wa kaunti hizi zetu mbili, wakapita Ikutha na Mutomo. Alifika Kitui ametapika mara mbili na haoni mtu usoni.

Ploti yetu iko upande wa Kalundu. Vyumba kumi na viwili, lango moja la chuma, tangi moja la maji, kamba za nguo kila mahali. Nje ya lango kuna steji ya boda. Mbele kidogo kuna fundi wa kuchomelea, kisha mashine ya kusaga, kisha kibanda cha jamaa anayeuza dawa za kienyeji akitumia spika kubwa kuliko kibanda chenyewe. Kwa wiki mbili Bosi aliishi chini ya kitanda cha susu. Kumtoa nje kujisaidia ilikuwa vita, na mara nyingi vita viliisha kabla hajafika mlangoni, palepale sakafuni. Lango likigongwa, alibweka mpaka sauti ikamwisha. Jioni moja mtoto wa jirani alipita mbio akifuata mpira, Bosi akamrukia. Hakumuuma. Meno yalishika hewa. Lakini kabla ya saa mbili usiku landilodi alikuwa ameshaambiwa.

"Mwezi mmoja," alisema. "Mbwa itulie ama iende."

Hakuna aliyemuuliza iende wapi. Kwetu sote tunajua. Kuna gunia na safari ya usiku mpaka mahali ambapo mbwa hawezi kurudi. Ama kuna kipande cha nyama chenye sumu, na asubuhi kila mtu anasema hajui ni nani.

Kazi iliniangukia mimi juu ndiye nashinda nyumbani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda, na tangu hapo naandika makala za mtandaoni kwa wateja ambao sijawahi kuona sura zao. Wanalipa kwa neno. Mmoja, wa Marekani, ana tovuti ya mambo ya mbwa. Kwa hivyo kabla Bosi hajakanyaga Kitui, nilikuwa nimeshaandika makala sita kuhusu namna ya kumzoesha mbwa mwoga kutembea mjini. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mtihani wenyewe ndio huu," akaniambia.

Ndani ya makala hizo kulikuwa na elimu ya kweli. John Paul Scott na John Fuller walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kitabu chao cha 1965 kilieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hivi za maisha yake, mtoto wa mbwa huwa anajiandikia dunia kichwani: hiki ni cha kawaida, hiki si cha kawaida. Anachokutana nacho kwa upole wakati huo hakimsumbui sana akikua. Wiki za Bosi zilipita chini ya mwembe. Dunia yake iliandikwa ikiwa na mbuzi, kuku, hondohondo, ngoma ya kanisa Jumapili, na susu. Boda haikuwemo. Spika haikuwemo. Mtu wa kuchomelea chuma cheche zikiruka hakuwemo kabisa.

Kuna pia habari ya mtoto Peter. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika jinsi alivyomsaidia mtoto huyo aliyeogopa sungura. Peter aliwekwa kitini akila vitu anavyopenda, sungura akaletwa mbali, upande ule mwingine wa chumba. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Siku nyingine kidogo tena. Mwishowe Peter alikuwa anamshika sungura kwa mkono wake. Karibu kila ushauri wa mbwa mwoga utakaousoma leo ni sungura wa Peter aliyebadilishwa jina: kitu cha kutisha kikae mbali, kitu kitamu kikae karibu, halafu upunguze umbali polepole.

Shida ilikuwa mji ambao makala hizo ziliandikiwa. Mji huo una bustani tulivu, una njia pana za waenda kwa miguu, una duka la vitafunio vya mbwa, na una wapita njia wanaoinama kumsalimia mbwa kabla ya kukusalimia wewe. Tafuta bustani tulivu Kalundu uone. Halafu kulikuwa na jambo kubwa zaidi, lililojificha katikati ya kila sentensi nilizokuwa nimelipwa: kwamba hofu ya mbwa ni uongo, kwamba anaogopa kitu kisichoweza kumdhuru, na kazi yako ni kumwonyesha ukweli.

Kitui, Bosi hakuwa anaogopa uongo. Siku ya tatu baada ya kufika, alichungulia nje ya lango na jiwe likatua futi mbili kutoka puani mwake. Aliyerusha alikuwa kijana wa darasa la tano hivi, na hakuwa na ubaya wowote. Alifanya kile ambacho kila mtoto wa huku amefunzwa: mbwa usiyemjua, inama uokote jiwe. Na usimlaumu haraka, kwa sababu hofu yake nayo si uongo. Kichaa cha mbwa kiko Kenya tangu zamani. Kisa cha kwanza kilithibitishwa kwa mbwa mmoja kando ya Nairobi mwaka 1912. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya watu duniani vinatokana na mbwa. Serikali ilipoanzisha mpango wa kukimaliza kufikia 2030, ule uliotangazwa mwaka 2014, kaunti tano ziliteuliwa kutangulia. Kitui ilikuwemo. Makueni ilikuwemo. Hawakuchagua kwa kurusha shilingi.

Kwa hivyo pale langoni palikuwa na hofu mbili zikitazamana. Mbwa aliyeogopa mji, na mji uliomwogopa mbwa. Zote mbili zilikuwa na sababu. Hakuna makala yangu hata moja iliyokuwa na kichwa hicho.

Nilianza na mapafu. Mkono mtupu haulambwi, na hiyo ni saikolojia kamili hata kama wahenga hawakuwa na maabara. Nilinunua mapafu ya shilingi hamsini kwa muuza nyama, nikachemsha, nikakata vipande vidogo kama ukucha, nikaanika. Kisha nikaenda kwa fundi wa viatu na mkanda wa gari kuukuu, nikamweleza nataka mshipi unaopita kifuani, si shingoni, ili mbwa akiruka asijinyonge. Alinitazama kwa muda. "Madam, hii ni ya mbwa ama ya mtoto?" Nilipomwambia ni ya mbwa, akaongeza mishono bila kuongeza bei. Alisema anataka kuiona ikipita hapo kwake siku moja.

Wiki ya kwanza hatukutoka. Tulikaa ndani ya ploti, hatua kumi kutoka langoni, saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla ya fundi wa kuchomelea kufungua. Boda ikinguruma nje, kipande cha mapafu. Ikinyamaza, na mapafu yananyamaza. Mimi nilikuwa namtazama yeye tu. Mbwa hasemi "naogopa", lakini anasema: anapiga miayo wakati hana usingizi, anajilamba midomo wakati hakuna chakula, weupe wa jicho unatokea pembeni, mkia unaingia tumboni. Alama ya mwisho ndiyo niliitegemea kuliko zote. Mbwa aliyezidiwa na hofu hali. Ukimpa kipande akakiangalia kama jiwe, ujue umemsogeza mbali sana, rudi nyuma. Chakula kilikuwa kipimajoto changu.

Susu alikuwa ametolewa kiti mlangoni, anatazama. Yeye mwenyewe tangu aje hakuwa amevuka lango isipokuwa siku za kliniki, akiwa ndani ya teksi. "Ile barabara yenu haina macho," alikuwa akisema. Siku ya nne aliniuliza, "Sasa mnangoja nini hapo?"

"Tunangoja aseme tuende, susu."

Hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu ambaye ameona jambo la maana likifanywa kwa mara ya kwanza katika nyumba hii.

Wiki ya pili tulivuka lango. Hatua tatu, tukarudi. Kesho yake tano, tukarudi. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na ufuko wa Bosi ulikuwa lile lango la chuma. Ilimradi alikuwa analiona, aliweza kuvumilia mengi. Kwa hivyo nililiacha wazi na nikahakikisha mgongo wake haufungiwi na mtu wala kibanda. Kila alipogeuka kulitazama, nilimruhusu. Kila alipotaka kurudi, tulirudi, bila kumvuta, bila kelele. Watu wengi watakwambia ukimruhusu arudi unamfundisha uoga. Niliyoyaona mimi ni kwamba kadiri alivyojua anaweza kurudi, ndivyo alivyothubutu kwenda. Siku ya kumi alifika kwa mama mboga, nyumba nne kutoka kwetu, akanusa gunia la ndengu, akakojolea mti. Nilifurahi kama mzazi siku ya kufunga shule.

Saa nazo ni za kuchagua. Kitui jua likishapanda, lami inakuwa kikaangio. Weka mgongo wa mkono wako juu yake. Usipoweza kuuacha hapo sekunde chache, na nyayo za mbwa haziwezi. Kwa hivyo tulitoka alfajiri, na jioni kivuli kikishalala.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa ya mji.

Nilianza na watoto wa ploti. Niliwaita, akiwemo yule wa mpira, nikawapa sheria tatu: usikimbie, usimtazame machoni, usirushe kitu. Kisha nikawapa cheo. Nilisema Bosi yuko darasani na wao ndio prefekti. Hapo nilikuwa sijui nguvu ya cheo. Kufikia Ijumaa walikuwa wanasimamia barabara nzima. Mtoto wa kutoka ploti nyingine akiinama kuokota jiwe, anasikia sauti ndogo kali: "Wewe! Wacha! Anasoma!" Niliwafundisha pia jambo ambalo mtoto yeyote wa huku anafaa kulijua kama jina lake: ukiumwa na mbwa, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, sema nyumbani, uende hospitali siku hiyohiyo. Usifiche ukiogopa kuchapwa.

Kwa watu wa boda ilikuwa ngumu zaidi, na pia rahisi zaidi. Mara ya kwanza nilipoita "Bosi, kuja!" wanaume watano waligeuka, na mmoja akaanza kuja kweli. Steji nzima ikapasuka kwa kicheko. Ndipo maswali yakaanza.

"Madam, hiyo mbwa inauma?"

"Haiumi. Inaogopa."

"Sasa mbwa inaogopa watu ni ya kazi gani?"

"Ndio inafunzwa kazi."

Mmoja wao, mwenye reflekta ya kijani na pikipiki yenye sauti mbaya kuliko zote, alijitolea bila kuombwa. Kila jioni alikuwa anaegesha mbali, karibu na mashine ya kusaga, anawasha, anazima, anawasha, huku mimi na Bosi tukiwa upande huu tunakula mapafu. Alidai ushuru wake alipwe kwa kuruhusiwa kumpa Bosi kipande kimoja mwishoni, akitupa chini bila kumsogelea. Ilichukua siku tisa. Siku ya tisa Bosi aliisikia ile sauti mbaya ikitokea kona ya chini, na mkia ukapanda. Alikuwa anatafuta nyama, si mahali pa kujificha.

Nikamwandikia mteja wangu makala ya saba. Nilieleza habari ya steji, watoto na reflekta ya kijani. Alinijibu kwa upole kwamba ni nzuri lakini wasomaji wake hawana boda. Sikubishana. Maneno yale yamekuja huku.

Mwezi ukiwa umebaki siku tano, maafisa wa mifugo walitangaza chanjo ya bure katika uwanja wa shule, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu kwa hatua za mbwa. Chanjo hii ina hesabu yake: ili ugonjwa ukatike, inabidi mbwa wasiopungua asilimia 70 wawe wamechanjwa. Mbwa anayeogopa kutoka lango hafiki kwenye hesabu hiyo. Anabaki nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango ndiko ugonjwa unakongoja. Nilikuwa sijawahi kufikiria kutembea na mbwa kama jambo la afya ya umma, lakini asubuhi ile nilipoona foleni, nililiona. Kulikuwa na mbwa wa kamba ya katani, mbwa wa mnyororo, mbwa wa kubebwa mgongoni kwenye gunia, mbwa waliovutwa wakiburuta matako. Bosi alitetemeka njia nzima. Alikataa kula mara tatu, na mara tatu tulisimama mpaka akala. Foleni tuliipanga kwa mbali, watoto wawili wa ploti wakatushikia nafasi. Sindano yenyewe hata hakuisikia. Alikuwa anamtazama jogoo.

Tulirudi na kadi. Jina la mbwa: Bosi. Landilodi aliishika kama risiti ya kodi, akaisoma mbele na nyuma, akamtazama Bosi aliyekuwa amelala kando ya tangi la maji huku mtu akigonga lango. Bosi aliinua sikio moja tu. "Sawa," akasema, akarudisha kadi. Neno moja. Kwa malipo yangu ya kawaida hilo halinunui hata kibiriti.

Mama alikuwa na maneno mengi zaidi. "Angalau katika hii nyumba mmoja amepata cheti." Tulicheka wote. Mimi nilicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa sababu na mimi niko na barabara zangu. Mtu akiacha chuo katika mji wa ukubwa huu, kuna maduka anaanza kuyapita kwa nyuma. Kuna mwalimu wako wa zamani, kuna shangazi wa kanisani, kuna wale mliomaliza nao shule ya upili, na wote wana swali moja lenye tabasamu: "Uko mwaka wa ngapi sasa?" Kwa mwaka mzima nilikuwa nafanya ununuzi saa ambazo watu hao hawatoki. Nilipoanza kutembea na Bosi, saa zake na njia zake ndizo zilinichagulia, na siku moja nikajikuta mbele ya duka ambalo nilikuwa nalikwepa, na shangazi wa kanisani mlangoni. Aliniangalia, akamwangalia mbwa. "Kumbe ni wewe yule msichana wa mbwa! Hebu niambie, wangu anaogopa mvua, nifanyeje?" Tuliongea nusu saa. Lile swali halikuja. Siku likija nitalijibu. Niko na pahali pa kurudi.

Bosi hajapona, kama kupona ndiyo neno. Spika ya muuza dawa bado inamshinda. Tukifika umbali wa vibanda vitatu anaketi chini na kukataa, na mimi namkubalia, tunazunguka. Siku ambazo Kalundu imefurika watu hatuendi. Fundi wa viatu ameshauona mshipi wake ukipita, akapiga makofi, na Bosi akarudi nyuma hatua mbili kisha akaenda kumnusa mguu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafunga mshipi alfajiri nikasikia fimbo ya susu ikigonga sakafu. Alikuwa amevaa viatu vya kliniki na leso kichwani. "Leo mnaenda mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka utakaposema, susu."

Tulitoka watatu. Bosi alitembea upande wa barabara, susu katikati, mimi ukutani. Boda ya kwanza ilipita, susu akashika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Bosi alisimama, akamgeukia, akangoja. Tulifika kwa mama mboga. Susu akaangalia mbele, kona ilipo, akaangalia nyuma, lango lilipo. Mfukoni nilikuwa na mapafu, na mfuko wa pili nilikuwa nimeweka andazi.

"Turudi," akasema.

Nikampa andazi, tukarudi.